Fundi Nusu Inchi Apimwa Akili

Kwa Daktari Mkuu,
Zahanati ya mtaa wetu.

Kuhusu: Akili yangu, ambayo ilikuwa nzima mpaka ilipofika kwenu

Ndugu Daktari,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote walio chini yako. Mimi ni mzima. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo jambo lenyewe tunalobishania, na sitaki baadaye mtu aje kusema sikulitaja.

Huenda hunikumbuki kwa jina lililo kwenye kadi. Mimi ni fundi cherehani wa duka lenye mlango wa bluu, kando ya mashine ya kusaga nafaka. Mtaa mzima huniita Nusu Inchi, kwa sababu mtu akiingia na suruali inayoburuta, mimi humwangalia alivyosimama pale mlangoni na kumwambia ipunguzwe nusu inchi, na futi ikipita inakubaliana na mimi. Nimewashonea watu sare za shule, na leo nawashonea watoto wao. Hata suruali uliyovaa siku mlipozindua chumba kipya cha sindano ni kazi ya mikono yangu. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, nikaona unakaa na kuinuka bila kuivuta, nikaridhika.

Mimi si mtu wa malalamiko. Nimevumilia umeme kukatika pasi ikiwa ndiyo kwanza imepata moto. Nimevumilia wateja wanaovuta tumbo ndani wakati wa kupimwa, kisha wananilaumu mimi wakishashiba. Lakini yaliyonipata kwenu Jumanne ile yamenikaba, na nimeona niyapange kwa namba ili usipate shida kuyajibu moja baada ya jingine.

1. Kwanza kabisa, sikuja kutibiwa. Lililokuwa na miadi ni goti la mke wangu. Mimi nilikuwa msindikizaji, nimekaa kwenye benchi la mbao lililoinama upande mmoja, nimeshika mkoba wake na sina neno na mtu. Akatokea yule nesi wenu mrefu mwenye miwani, akasema kwamba siku hizi kila mwenye umri wangu anayeingia zahanati anapimwa presha, awe mgonjwa au msindikizaji. Nikakubali kwa heshima. Akanikunja mkono wa shati nililopiga pasi mwenyewe, akanivalisha mkanda.

Daktari, mimi nimepima mikono ya watu maisha yangu yote. Nilimwambia yule binti kabla hajaanza kubonyeza kwamba mkanda ule umekatwa kwa mtu mwembamba kuliko mimi, na kitu kinachobana lazima kitatoa kipimo cha uongo. Nakiri kwamba alinisikiliza. Aliuvua, akaenda chumba cha pili kuleta mkubwa, akapima upya. Presha ilikuwa bado iko juu, lakini hilo naamini ni kwa sababu ya hasira iliyobaki ya ule mdogo. Aliniuliza kama nina vidonge. Nikamjibu kwamba ninavyo, tena vingi, na navimeza siku ninazohisi presha. Siku nyingine naviacha vipumzike. Akaandika kitu, na sikupenda alivyoandika.

2. Hapo ndipo alipoomba ruhusa ya kuniuliza maswali machache. Ni kijana mwenye adabu, sikatai. Alikuwa ameniamkia shikamoo, nami nikamwitikia marahaba. Sasa, mtu aliyeniamkia shikamoo akavuta kiti, akaweka karatasi kwenye ubao wake, akaniuliza leo ni siku gani.

Nilidhani anauliza kwa sababu hajui. Nikamjibu ni Jumanne, na nikamweleza nilivyojua, kwamba Jumatano ndiyo siku ninayopeleka kazi na kesho yake nilikuwa na kazi ya kupeleka. Akaniuliza mwezi. Nikautaja. Akaniuliza mwaka, na hapa tulipo ni mahali gani. Nilianza kuingiwa na wasiwasi juu ya zahanati yenyewe, maana nyuma yake ukutani kulikuwa na kalenda ya duka la rangi ambayo ilikuwa bado imesimama mwezi uliopita. Nikainuka kwenda kuifunua. Nikaombwa nikae. Kalenda hiyo bila shaka iko vile vile mpaka leo, lakini kalenda haikupimwa, nimepimwa mimi.

3. Akanisomea maneno matano, akasema niyashike kichwani kwa sababu atayauliza baadaye. Ndoo, pazia, mbuzi, barabara, kijani. Tukazungumza mambo mengine marefu, akaniuliza, nikamtajia yote bila kupepesa macho. Ndoo, pazia, mbuzi, barabara, kijani. Nimeyaandika hapa bila kuyatazama popote, na nikifa leo naweza kuwatajia malaika. Nesi mwenyewe ilibidi achungulie karatasi yake ili ajue kama niko sahihi.

Nakuomba uishike hoja hii, Daktari, kwa sababu ndiyo nguzo ya kesi yangu. Mzee mwenye maradhi ya kupoteza akili ni yule anayesahau jina la mkewe na kuuliza alikula saa ngapi. Mimi nakumbuka mpaka kiuno cha baba yako mzazi, Mungu amrehemu, ambaye alipenda suruali ipande juu ya kitovu. Kama maneno matano yote yamekaa mahali pake, kipimo kilipaswa kuishia hapo, tupeane mikono, na mimi nirudi kwenye benchi langu.

4. Hakikuishia hapo. Akanipa penseli, tena yenye ncha butu ambayo mimi nisingeitumia hata kuchora mfuko, na karatasi iliyotawanywa namba na herufi. Akasema niunganishe kwa mstari, namba kisha herufi, namba inayofuata kisha herufi inayofuata, kwa kupokezana hivyo mpaka mwisho. Akanionyesha mwanzo wake.

Mimi niliunganisha namba na namba, herufi na herufi. Huo ndio utaratibu wa mtu mwenye akili. Mguu wa suruali haushonwi kwenye bega la shati. Akanirudisha mwanzo kwa upole, nikaanza kama alivyotaka, kisha mkono ukarudi kwenye namba zenyewe, kwa sababu mkono wangu umefundishwa kazi. Akanirudisha tena. Mara ya tatu akasema, haya mzee, inatosha, tuache hiyo. Sipendi kuambiwa inatosha wakati sijamaliza.

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka sasa naliona ni la hila. Aliniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia, akatabasamu na kusema, basi nieleze mzee, hatua kwa hatua, unavyoshona koti kuanzia kitambaa mpaka mteja analivaa. Nikaanza vizuri. Unapima, unachora, unakata. Unashona mabega. Halafu kola, au kabla ya kola kuna, halafu mikono, na mifuko ambayo huwa imetangulia. Hapo nikashtuka nikaona huyu anataka kuniibia ufundi bila kulipa ada ya uanagenzi. Nikamwambia hizo ni siri za kazi, nikafunga mdomo. Ameandika kwamba nilishindwa. Sikushindwa, nilikataa, na hayo ni mambo mawili tofauti.

4. Lalamiko linalofuata ni zito zaidi kwa sababu limeingia ndani ya nyumba yangu. Baada ya kunimaliza mimi, nesi alimwita mke wangu kando, karibu na mlango wa chumba cha dawa, akaanza kumuuliza habari zangu kana kwamba mimi ni mshtakiwa na yeye ni shahidi. Nilisikia kila kitu, maana mlango ule haufungi vizuri. Alimuuliza kama nimebadilika. Kama kuna shughuli niliyokuwa naiweza zamani ambayo sasa inanipa shida. Kama naanza kazi halafu naiacha njiani.

Mke wangu alijibu kwamba sijabadilika. Nesi akauliza tena, kwa sauti ya chini zaidi, na mke wangu, huku akifungua na kufunga zipu ya mkoba wake, akasema, "Mume wangu yuko vile vile." Mke wangu, Daktari, ni mtu wa sala, na hajapata kunidanganya tangu tuoane. Ushahidi ulitosha kabisa. Lakini kwa jibu fupi namna ile, nesi wako aliandika maelezo marefu, na alipomaliza alimshika mke wangu bega. Sijui bega lilihusika vipi.

Ukitaka mashahidi wengine, waulize wateja. Hakuna nguo iliyorudi dukani kwangu kwa ubaya. Mwalimu mkuu aliyeniagiza sare za shule nzima alinisimamisha njiani akaniambia mishono yangu siku hizi imekuwa midogo na laini kuliko zamani, akaniuliza kama nimebadilisha cherehani. Nikamwambia ni uzoefu. Nguo zote zinatoka dukani kwangu zikiwa sawa, zinapita kwa mke wangu kupigwa pasi, kazi ambayo yeye huifanya kwa makini sana kiasi kwamba wakati mwingine pasi inachukua siku nzima, na mteja anazipata zikiwa zimenyooka. Sasa niambie, mtu asiyeweza kupanga mambo anatoaje kazi kama hiyo?

6. La mwisho ni lile alilosema tulipokuwa tunaondoka. Aligeuza karatasi, akachora kichwa, na ndani yake akachora mishipa ikitawanyika. Akasema inawezekana, na nanukuu kwa uaminifu, kwamba vimishipa vidogo vya kichwani mwangu vimekuwa vikiziba kimoja hapa, kingine pale, kidogo kidogo, bila mimi kuhisi, kwa sababu ya presha ya miaka mingi na sigara zangu mbili tatu za jioni. Akasema watu wengi wanadhani maradhi ya kupoteza akili lazima yaanze kwa kusahau, lakini haya ya mishipa yanaweza kumwachia mtu kumbukumbu zake akapoteza mpangilio. Anajua kila kitu, ila hajui kianze kipi. Akasema kilichokwisha kuharibika huenda kisirudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa, nimeze vidonge kila siku, niache sigara, nitembee, na nirudi baada ya wiki mbili wewe mwenyewe unione. Akasisitiza kwamba hii si hukumu, ni uchunguzi wa kwanza tu.

Hukumu hutolewaje basi? Mimi nikipoteza sindano moja sakafuni sikai mpaka niipate. Nitapotezaje kitu kikubwa kama akili, kipande kwa kipande, nisijue? Mwenye kitu ndiye wa kwanza kujua kimepotea. Hata mwizi akiiba kwa ustadi, mwenye nyumba anaona pengo. Mimi nimejikagua kwa utulivu, kila pembe, na sijaona pengo lolote.

Sasa nikueleze madhara, maana ungeweza kudhani nimekasirika bure. Karatasi ile ilifika kwa binti yetu. Sikumpa mimi. Alikuja Jumamosi na uso wa msibani, akazunguka duka akigusa vitambaa, akakaa kwenye kiti cha wateja akaniambia, "Baba, umefanya kazi ya kutosha. Funga duka, pumzika." Alisema kwa upendo, najua. Lakini anataka funguo. Anasema kuna mkasi mkubwa, kuna pasi ya moto, kuna vitambaa vya watu. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, akifungua na kufunga zipu ya mkoba, na mimi nilimtegemea aseme neno. Siku ya pili yake wakaondoka wote wawili, eti mama akapumzishe goti kwa binti. Najua wako huko wanaamua hatima yangu.

Lile duka, Daktari, ndilo mimi. Nikiamka asubuhi miguu yangu inaelekea pale kabla sijaiambia. Watu wakipita wanasema, Nusu Inchi, habari za asubuhi, na mimi najua kwamba nipo. Nikikaa nyumbani nitakuwa mzee fulani anayekaa nyumbani. Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu, na mengine yote ni mapambo.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa vitendo, sikukaa kulalamika tu. Nilifikiri kwamba kama mtu anaweza kupimwa akili kwa kazi asiyoizoea, basi kipimo kiwe cha haki kwa wote. Nimeanzisha uchunguzi wangu hapa dukani, bila malipo, kwa kila anayepita. Mtu anakaa, ananipa salamu, nampa sindano na uzi mweusi, anatunga. Akishatunga namuuliza upande wa kitambaa wa ndani na wa nje. Ni maswali ambayo hata mtoto anayejifunza cherehani anayajua.

Matokeo yanatisha. Muuza nyama, mtu mzima mwenye familia, alilamba uzi mpaka ukalowa wote na hakutunga. Mwenyekiti wa mtaa alijichoma kidole, akaniuliza kamati gani imeniagiza. Mwalimu wa hesabu aliomba avae miwani, nikamkatalia, kwa sababu mimi sikupewa nafasi yoyote ya ziada kwenye karatasi ya nesi. Akakosea. Mama muuza mkaa alitunga haraka sana lakini akasema kitambaa hakina ndani wala nje, ukikivaa ndiyo unajua. Kwa hesabu yangu, mtaa huu una watu wawili tu wenye akili timamu, mimi na kinyozi, na kinyozi nina wasiwasi naye kwa sababu alicheka wakati wote. Nashauri mlete gari la wagonjwa, tena kubwa, na nesi mrefu awe wa kwanza kupanda, kwa kuwa alipita hapa Ijumaa na hakuweza kutofautisha pindo na mkunjo.

Hivyo basi, naomba yafuatayo:

(a) Karatasi yangu ichanwe mbele yangu, na vipande nipewe mimi.

(b) Kila mtu apimwe na mwenye kazi yake. Mwashi apimwe kwa matofali, dereva apimwe na dereva, mpishi apimwe akiwa jikoni. Nesi apimwe na madaktari, na wewe upimwe na nesi, kwa penseli ile ile butu.

(c) Kila kipimo cha akili kiwe na nafasi ya mshono. Hakuna fundi anayekata kitambaa sawasawa na mwili wa mtu, lazima uache nafasi pembeni, la sivyo nguo itapasuka siku ya kwanza. Nyinyi mlinikata sawasawa na mfupa. Naomba niongezewe alama za nafasi hiyo, na kama hamjui ni ngapi, mimi ninajua ni nusu inchi kila upande.

(d) Nipewe cheti chenye mhuri, kinachosema kwamba akili yangu iko sawa, nikitundike dukani juu ya cherehani mahali ambapo binti yangu atakiona kabla hajaona kitu kingine chochote.

(e) Ikishindikana (d), basi mimi nipewe mhuri, na nitajiandikia.

Ili usiseme nimejaza maneno matupu, naambatisha ushahidi. Nimekushonea koti jeupe la kazi, kwa makisio ya macho tu kutokana na ile siku ya uzinduzi. Nimelishona peke yangu siku hizi ambazo mke wangu hayupo, kuanzia kukata mpaka kumaliza, bila mtu kunisaidia wala kunikumbusha kitu. Bado vifungo tu. Livae, jitazame kwenye kioo, kisha uniambie kama huyo aliyelishona amepoteza mpangilio.

Nakutakia kazi njema na wagonjwa wenye subira. Nisalimie mfamasia, mlinzi wa getini anayejua kusalimia watu, yule mama anayepiga deki asubuhi, na daktari wa meno ingawa alining'oa jino lisilohusika. Nesi mrefu pia nisalimie. Mwambie sina kinyongo naye, nina malalamiko tu. Familia yako nayo, na kama kuna mtoto anayeanza shule, mlete, nitampima bure.

Wako katika kupimwa na kupima,

Fundi Nusu Inchi,
Duka la mlango wa bluu.

Tanbihi: Daktari, barua nilimaliza jana asubuhi, na nilikuwa naifunga pamoja na koti. Nikatoa vifungo kwenye kopo ili nivishone. Sikupata pa kuviweka. Koti lako lina matundu ya vifungo upande wa kulia, na lina matundu ya vifungo upande wa kushoto, yanatazamana. Nimeyakagua moja moja. Ni mazuri sana, uzi umelala vizuri, pembe zimefungwa, sijui kama nimewahi kushona matundu mazuri kama haya. Koti halifungiki. Nikatia mkono mfukoni, na mfuko nao nimeushona ukafungwa kwa juu, kwa mshono ulionyooka kabisa.

Nililitandika mezani nikakaa nalo. Nilijaribu kujiambia kwamba ni mtindo mpya, kisha nikaona haya.

Mke wangu alirudi mchana. Nilitaka kulificha, sikuwahi. Aliliona, na hakushangaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Aliweka mkoba chini, akavuta kiti karibu na dirisha, akachukua wembe na kuanza kufumua upande mmoja wa matundu taratibu, akitoa nyuzi kwa ukucha, kama mtu anayechambua mchele. Mkono wake ulikuwa umeizoea kazi. Nikamuuliza, tangu lini. Akasema bila kuinua kichwa, "Tangu sare za shule." Kumbe shule nzima imevaa mishono yake. Kumbe siku zote za pasi alikuwa anafumua na kushona upya, akikanyaga cherehani kwa goti lile.

Nikamuuliza kwa nini basi alimwambia nesi kwamba sijabadilika. Alitoa uzi mwingine, akasema, "Nilijua ukijua utaacha kushona. Na ukiacha kushona, mume wangu, sijui asubuhi utaamka uende wapi."

Nimeumia, Daktari. Pia naogopa, na sikuwa nimeogopa nilipokuwa naandika hayo ya juu. Naomba ufute maombi yangu yote kuanzia (a). Nilitaka kuandika barua nyingine fupi, lakini mke wangu ameisoma hii na kunionyesha kwamba lalamiko la nne liko mara mbili na la tano halipo, na mimi nilikuwa nimeihakiki. Nimemwambia tuiache ilivyo, huenda ikawafaa kuliko karatasi ya penseli.

Vidonge nimeanza leo asubuhi. Siku ya miadi tutakuja wote wawili, na safari hii naomba nesi asimwite kando. Amuulize yale maswali nikiwa nimekaa hapo hapo. Yeye atasema, mimi nitasikiliza.